Mkataba una mihuri miwili: je, mama auze shamba niende Riyadh?

SWALI: Shikamoo wakili. Nina miaka 23, naishi Uyole, Mbeya, nina cheti cha upishi na huduma za hoteli. Kuna kaka mmoja mwenye ofisi maeneo ya Kabwe amenipatia kazi ya hotelini Riyadh, Saudi Arabia, malazi bure. Anataka shilingi milioni 3 na laki 8 kabla ya mwezi kuisha. Mkataba amenitumia kwa WhatsApp, una mihuri miwili, wa bluu na mwekundu. Mama yuko tayari kuuza robo ekari ya miparachichi kule Rungwe. Naomba kujua nitatambuaje kama mihuri hiyo ni halali ili tusitapeliwe.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkataba wako nimeusoma kurasa zote tatu. Mihuri sikuihangaikia, nawe usiihangaikie. Mhuri unachongwa mchana mmoja ukiwa umekaa kwenye benchi unasubiri. Na hata hiyo miwili ingekuwa ya kweli, jibu langu lingekuwa hili hili: mwambie mama asiuze shamba.

Swali la mihuri linaletwa mezani kwangu karibu kila wiki. Mtu anafungua simu, anakuza picha, anataka nimwambie karatasi ni feki au si feki. Lile ambalo siulizwi ni kwa nini yeye ndiye anayelipa. Vijana wetu wamekariri kwamba kazi ya nje inalipiwa kama karo, na kwamba dalali anayetaka mamilioni ndiye mwenye uhakika. Imani hiyo inaniumiza kuliko utapeli wenyewe, maana ndiyo inayomfungulia tapeli mlango.

Anayehitaji mfanyakazi ndiye anayegharamia kumpata. Sheria ya kazi ya Saudi Arabia yenyewe, kifungu cha 40, inambebesha mwajiri ada za kumwajiri mgeni, kibali cha kuishi, kibali cha kazi, na tiketi ya kurudi kwao ajira inapokwisha. Shirika la Kazi Duniani, ILO, liliweka msingi huo tangu 1997 katika Mkataba namba 181, kifungu cha 7: wakala asimtoze mfanyakazi, si moja kwa moja wala kwa kuzunguka, isipokuwa kwa aina fulani za wafanyakazi au huduma ambazo nchi imeziruhusu kwa utaratibu maalumu. Mwaka 2019 shirika hilo likafafanua gharama zinazohusika, maana mawakala walikuwa wanabadilisha majina tu: vipimo vya afya, viza, nauli, mafunzo ya kabla ya safari, ada za ofisi. Sasa angalia orodha ya malipo aliyokupa huyo kaka yako. Hizo milioni 3 na laki 8 amezijaza humo humo.

Rudi kwenye mkataba, ukurasa wa pili. Kifungu cha 6 kinasema "gharama za kumleta mfanyakazi" zitakatwa kwenye mshahara wa miezi 6 ya mwanzo. Yaani umelipa Kabwe, na utalipa tena Riyadh. Kifungu cha 9 kinasema utafanya "kazi nyingine yoyote utakayopangiwa". Jina la hoteli halipo popote, kuna jina la mtu binafsi tu. Unaweza kufika ukajikuta nyumbani kwa mtu ukiosha magari na kutunza bustani, na wafanyakazi wa majumbani hawamo katika sheria hiyo niliyokutajia, wana kanuni zao nyingine zenye ulinzi mdogo. Mabadiliko ya 2021 yaliyorahisisha kuhama mwajiri kule nayo yaliwaacha nje.

Nimempokea ofisini binti aliyerudi kutoka huko Uarabuni. Risiti ya fedha za familia yake ilikuwa ukurasa uliochanwa kwenye daftari la mistari: "nimepokea", kiasi, na jina moja lisilo na ubini. Aliondoka kwa viza ya matembezi, akafundishwa aseme uwanja wa ndege kwamba anakwenda kumtembelea shangazi yake. Pasipoti ilichukuliwa siku aliyofika. Nilimuuliza kwa nini hakuomba kurudi mwezi wa kwanza, alipoona hali ilivyo. Akaniambia, "Ningerudi na nini, mama? Shamba lilishauzwa." Deni lililomkalisha kule lilianzia hapa hapa Mbeya.

Babu zetu wa Njombe na Rungwe walikwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba kwa sababu walihesabiwa kwa namba. Walinyonywa vibaya. Lakini nauli ya kwenda ililipwa na waliowahitaji mashambani. Leo mjukuu anauza ardhi ya babu huyo ili alipie mwenyewe.

Kabla hujatoa hata shilingi ya fomu, mwambie akuonyeshe usajili wa wakala wa ajira kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kisha wewe mwenyewe uuhakiki ofisi ya kazi ya mkoa au TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira. Viza iwe ya kazi, na kazi iliyoandikwa humo iwe ile uliyoahidiwa. Akikasirika kuulizwa, umeshajibiwa. Na hao wanaouza "semina ya safari" kwa laki moja, pamoja na waganga wa kusafisha nyota ya safari, waepuke kabisa. Wanakula kwenye sahani moja na dalali.

Wala msidhani hadaa hii inahitaji ndege. Mabinti wanachukuliwa vijijini Iringa na Njombe, wanapandishwa basi Mafinga au Makambako kwenda Dar kufanya kazi za ndani, wengine hawajafika hata miaka 14 ambayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeiweka kuwa kikomo cha chini. Dalali analipwa na mwenye nyumba, kisha anakula mshahara wa mwanzo wa mtoto. Wazazi wananiambia, "Lakini alikubali mwenyewe." Sheria ya 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu haiitambui ridhaa iliyopatikana kwa hadaa.

Ninyi wenyeviti wa vijiji na mitaa mnaoandika barua za utambulisho, nawaomba sana: barua iwe na jina kamili la anayempokea huyo kijana, mahali anapoishi na namba ya simu ambayo mmeipiga ikapokelewa. Kama dalali hana hayo, msigonge mhuri.