Asali iwe ya mwisho: char siu ilivyonirudishia heshima

Jumamosi iliyopita mawifi zangu walimaliza sinia zima la char siu, ile nyama ya nguruwe ya kuchoma ya Kichina, na wifi mkubwa akauliza kama imebaki ya kumfungia. Nikaingia chumbani nikalia. Atakayenielewa ni yule aliyewahi kupika kwa moyo wote mbele ya ukoo wa mume, chakula kikarudi jikoni kama kilivyotoka.

Changu kilirudi miaka miwili iliyopita. Nilikuwa nimetoka Guangzhou, China, kufuata mzigo wa nguo, ambako kila jioni nilisimama mbele ya duka lenye vipande vya nguruwe vilivyoning'inizwa dirishani, vyekundu, vinang'aa. Nikarudi Moshi na chupa zangu za sosi, najiona fundi. Siku ya kipaimara cha mwanangu nikapaka kila kitu kwa pamoja, asali humohumo, nikawasha oveni moto wa mwisho. Nje ikawa mkaa, katikati damu. Wifi akasogeza sahani: "Sisi tumezoea kitimoto." Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Sikilizeni basi, dada zangu. Chukua bega au shingo, yenye mafuta. Kata vipande virefu. Jina lenyewe kwa Kikantoni ni kuchoma kwa uma, nyama ilitungwa ikachomwa. Iloweke usiku kucha kwenye friji: soya sosi, sosi ya hoisin (ile nzito na tamu ya Kichina), sukari, kitunguu saumu, unga wa viungo vitano vya Kichina, na tofu nyekundu iliyochachushwa (tofu ni kama jibini la maharage ya soya), ambayo ndiyo inayoleta ule wekundu na ladha nzito. Ukiikosa, pika tu.

Oveni nyuzi 200, nyama juu ya wavu, chini trei yenye maji ili mafuta yakidondoka yasiungue. Asali, narudia, asali ni ya dakika kumi za mwisho, kwa sababu sukari huungua kabla nyama haijaiva. Paka, rudisha, geuza, paka tena, mpaka kingo zianze kuwa nyeusi. Ile sosi iliyolowekea nyama mbichi usiipake mwishoni bila kuichemsha.

Na usikubali sahani moja iliyorudishwa ikufukuze jikoni kwako. Mimi nilikaa mwaka mzima sigusi oveni kwa aibu, na mwaka huo hakuna atakayenirudishia. Rudia hata mara tano. Subiri asali.

Wifi ameagiza kilo mbili za Jumapili. Nyama nailoweka kesho jioni.