Jibu: Kemia ya jinai au kemia ya kawaida?

Mdogo wangu, umeuliza kama ukitoka PCB (fizikia, kemia na biolojia) ukimbilie shahada ya kemia ya uchunguzi wa jinai, au usome kemia ya kawaida kwanza. Mimi ningechukua kemia ya kawaida, jinai ije kwenye shahada ya pili. Kazi yenyewe ni kemia changanuzi tupu, yaani kupima kitu kina nini ndani na kwa kiasi gani, sio zile tamthilia za upelelezi.

Chukulia gongo imeua watu kisiwani Ukerewe. Chupa ikifika maabara, mtu hainusi akatoa jibu. Sampuli inaingizwa kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha kemikali zilizochanganyika. Methanoli, ile yenye sumu, inayochemka kwa nyuzi 65, hutangulia kutoka, ethanoli, kilevi cha kawaida cha nyuzi 78, inafuata. Kisha unapima kiasi, unaandika ripoti, na siku ya kesi wakili anakubana: nani alipokea chupa, lakiri ilikuwa nzima? Mnyororo wa vielelezo ukikatika, kipimo chako hakina kazi.

Ajira? Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza, ila nafasi ni chache. Mwenye kemia ya kawaida anaweza pia kugonga milango ya migodi ya Geita, maabara za maji na viwanda vya minofu ya sangara. Na hesabu usizitupe, takwimu zinakungoja huko chuoni.