Zawadi ya bosi anayehamishwa, nina elfu 30

Mdogo wangu, umesema bosi wako mama mtu mzima anahamia Mwanza na wewe una elfu 30 unawaza perfyumu. Perfyumu achana nayo kabisa, hiyo anapelekewa na mumewe, we ukipeleka ofisini watu wataanza kuhesabu umeingia saa ngapi ofisini kwake na umetoka saa ngapi.

Elfu 30 inatosha vizuri tu, chukua asali ya Tabora lita moja au kahawa nzuri ya Kilimanjaro, fungasha, na kikadi umeandika kwa mkono mstari mmoja wa kitu alichokufundisha. Au mchange ofisi nzima mnunue doti ya khanga au kitenge, ila khanga SOMA JINA KWANZA jamani, mi nilishawahi kudaka ya rangi nzuri pale Kariakoo haraka haraka, bosi anaikunjua mbele ya watu imeandikwa "Japo sipati tamaa sikati", nyie, ofisi ilikaa kimya mpaka feni ikasikika, alicheka yeye mwenyewe wa kwanza ndo nikapona.

Halafu mpe siku ya kuaga, mbele ya wote, usimvizie peke yake wiki ya tathmini. Na kama ni ofisi ya serikali ulizia kwanza, viongozi wa umma wana sheria yao ya maadili tangu 1995 na zawadi imo humo.

Ni mwislamu? Kama ni mwezi wa Ramadhani, futari ya pamoja ingetosha kabisa