Maswali ya Wasomaji: Mkimbizi Ajuaye Kiswahili, Biblia ya Lugha Yake ya Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninahudumu katika kanisa moja wilayani Kasulu, ambako tunaabudu pamoja na wakimbizi wa Kongo wanaoishi kambi ya Nyarugusu. Wengi wa tulio nao ni Wabembe, na Kiswahili wanakijua vizuri. Yupo bibi mmoja ambaye akisomewa zaburi kwa Kiswahili huitikia "Amina" kama sisi sote, lakini akianza kuomba mwenyewe hugeukia Kibembe, na hapo ndipo machozi humtoka. Baadhi yetu tunaona kuwa fedha za kutafsiri Maandiko kwa lugha za watu waliokimbia makwao ni afadhali zinunue chakula. Je, tunakosea?

JIBU: Ndugu yangu, mwenye njaa alishwe kwanza, na katika hilo hatubishani. Hata hivyo, nusu ya jibu umeitoa wewe mwenyewe ulipomtaja huyo bibi. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha foleni ya mgao na cha kuzungumza nanyi. Kibembe ndicho alicholelewa nacho, na ndicho anachomwendea Mungu wake.

Watazame Wakaren, kabila la Burma, nchi inayoitwa sasa Myanmar, waliokuwa wanyonge chini ya wafalme wa Kiburma. Ko Tha Byu, aliyebatizwa mwaka 1828 na kuwa mhubiri wao wa kwanza, alikuwa mtumwa kwa sababu ya deni. Katika miaka ya 1830, mmisionari Mmarekani Jonathan Wade aliunda maandishi ya Kikaren cha Sgaw, mojawapo ya lugha za Wakaren, kwa herufi za Kiburma, akaongeza alama za toni mwishoni mwa silabi, kwa kuwa katika lugha hiyo silabi ile ile, sauti ikipanda au ikishuka, huwa neno jingine kabisa. Francis Mason akatafsiri, na Biblia nzima ikachapishwa mwaka 1853, miaka 38 kabla ya Biblia kamili ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1891.

Kwa jina la Mungu, watafsiri walitumia Y'wa, muumba aliyetajwa katika masimulizi ya wazee, masimulizi ambayo pia yalisema kwamba Y'wa aliwahi kuwapa Wakaren kitabu nao wakakipoteza. Wazee waliorithishana habari hiyo vizazi kwa vizazi walipoletewa kitabu chenye jina hilo hilo, hawakukiona kuwa mali ya wageni. Nasi tumepitia njia hiyo, kwani neno Mungu lilikuwa vinywani mwa Waswahili kabla mmisionari yeyote hajashuka pwani.

Herufi zile hazikuishia kanisani: kuanzia mwaka 1842 zilichapa gazeti la Kikaren. Vita kati ya Wakaren na serikali ya Burma vilipozuka mwaka 1949, na vijiji vikachomwa miaka nenda rudi hadi watu wakajazana katika kambi za Thailand kama Mae La, iliyoanza mwaka 1984, waliondoka na Biblia na vitabu vya nyimbo. Kwa kuwa shule za serikali zilifundisha kwa Kiburma, watoto wengi walijifunza kusoma lugha ya mama zao katika shule za Jumapili.

Sitaki nikufiche upande wa pili. Wakaren wengi ni Wabudha, na wasemaji wa Kipwo, Wakaren vilevile, walisubiri Biblia yao hadi mwaka 1883. Anayechagua lahaja ya kuandika humpa mmoja sauti na kumnyamazisha mwingine, kwa hiyo uamuzi huo uwe wa Wabembe wenyewe, wala si wetu wenyeji.

Wala kazi hii haianzi kwa fedha nyingi. Kwanza ulizieni Chama cha Biblia cha Tanzania ni Maandiko gani ya Kibembe yaliyopo tayari, msije mkarudia kazi iliyokwisha kufanywa. Kisha mwendeeni bibi huyo na wazee wenzake. Msomeeni Zaburi ya 137 kwa Kiswahili, mfunike kitabu, mwombeni aisimulie kwa Kibembe, na kijana mmoja arekodi kwa simu. Wenzake wakisikiliza watamkosoa, watabishana juu ya neno hili na lile, naye atarudia. Mnapofika mahali wafungwa wanapotakiwa kuimba nyimbo za Sayuni katika nchi ya ugeni, msimkatize. Mwacheni atafute neno la Kibembe la nchi hiyo, hata likimchukua asubuhi nzima.