Maswali na majibu: Medicaid imekata malipo, kliniki yetu ya afya ya akili ishtaki nani?

Meseji zimejaa tangu majimbo ya Marekani yaanze kupunguza mwaka 2025 malipo ya Medicaid, ile bima ya serikali kwa watu wenye kipato kidogo. Wengi mnaoandika mna kliniki ndogo za afya ya akili, au nyumba za kulea wagonjwa, au mnafanya kazi ya kuzunguka kwa wagonjwa majumbani. Najibu yale yanayowagusa wengi. Yaliyojibiwa mara kumi nayapitia kwa mstari mmoja, msinune.

Kaka, habari. Jimbo letu la Idaho limekata asilimia 4 na pesa haifiki hata kulipa mishahara. Nimesoma mwenyewe, sheria ya Medicaid inasema malipo lazima yatoshe. Si tukienda mahakama ya shirikisho tunashinda mapema tu?

Hapana ndugu yangu, na cha kusikitisha ni kwamba mlango huo ulifungwa kwa kesi iliyotoka hapo hapo kwenu Idaho.

Kifungu unachokisema kipo kweli. Watu wa sheria wanakiita 30(A). Kinataka malipo yaendane na ubora wa huduma na matumizi mazuri ya pesa, na yatoshe kuvuta watoa huduma wa kutosha, ili mwenye Medicaid apate huduma kama wanavyopata watu wengine wa eneo lake. Ukisoma hivyo unaona umeshashinda. Waliokuwa wanahudumia watu wenye ulemavu majumbani Idaho waliona hivyo hivyo, na walikuwa na ushahidi mzuri kuliko wengi wenu: idara ya jimbo lenyewe ilifanya hesabu ikaona malipo yapande, ila bunge la jimbo halikutoa pesa, basi viwango vikabaki vile vile. Wakashinda mahakama ya kwanza, wakashinda rufaa, halafu tarehe 31 Machi 2015 Mahakama ya Juu ikawaangusha, kura 5 kwa 4, kesi ya Armstrong. Jaji Scalia akaandika kwamba kazi ya kusimamia kifungu hicho ni ya Waziri wa Afya wa shirikisho, na dawa aliyopewa ni kulinyima jimbo pesa za Medicaid. Jaji Sotomayor akapinga pamoja na Kennedy, Ginsburg na Kagan.

Mimi nasema wazi, uamuzi ule uliwaumiza wagonjwa. Adhabu ya kulinyima jimbo pesa inampiga nani kwanza? Mgonjwa yule yule anayekosa huduma, na ndio maana hakuna waziri anayekimbilia kuitumia, na majimbo yanalijua hilo vizuri sana.

Halafu wapo wanaoniletea kesi ya Wilder ya 1990, eti watoa huduma walishinda. Walishinda ndio, hospitali za Virginia, kwa kifungu kingine kabisa, na Bunge la Marekani lilikifuta kile kifungu mwaka 1997. Na juzi tu, tarehe 26 Juni 2025, kesi ya Medina kutoka South Carolina, 6 kwa 3, Jaji Gorsuch amekaza zaidi: sheria ya Medicaid haikupi haki ya kushtaki mpaka iseme haki hiyo waziwazi, kama ilivyofanya kwa wakazi wa nyumba za wazee walioshinda kesi ya Talevski mwaka 2023. Kwa hiyo loya akikuomba amana ili afungue kesi ya 30(A), mwambie akuandikie kwenye karatasi ataivukaje Armstrong. Akishindwa kuandika, rudi nyumbani na pesa yako.

Kwa hiyo hakuna kesi kabisa? Wanakata tunakaa kimya?

Sijasema hivyo hata siku moja. Nimesema wewe mwenye kliniki sio mtu ambaye sheria inamtazama. Sheria inamtazama mgonjwa.

Watoto na vijana chini ya miaka 21 wenye Medicaid wana kifungu chao, jimbo lazima liwapatie matibabu yote ya lazima yatakayogunduliwa wakipimwa, na afya ya akili imo. Massachusetts ilishindwa kwa hilo mwaka 2006, kesi ya Rosie D., jaji akaona watoto wenye matatizo makubwa ya akili walikuwa hawapati huduma za nyumbani walizostahili na jimbo likalazimika kuzijenga. Msishangae lakini mawakili wa majimbo wakija sasa na Medina mkononi kujaribu kuuziba na mlango huo. Kwa watu wazima kuna Olmstead ya 1999, kutoka Georgia, wanawake wawili waliobakizwa hospitali ya akili wakati madaktari wao walishasema wanaweza kuishi nje. Hiyo imesimama juu ya sheria ya watu wenye ulemavu, haitegemei Medicaid, Medina haiigusi moja kwa moja. Kama kukatwa kwa malipo kunafanya timu ya kuzunguka majumbani ivunjike na wagonjwa warudi wodini, hapo pana hoja. Huko Idaho mwaka 2025 malipo ya timu za namna hiyo yalipoguswa, walioenda mahakama ya shirikisho walikuwa wagonjwa wenyewe.

Tena tazameni North Carolina. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 walikata kati ya asilimia 3 na 10, tiba ya watoto wenye usonji ikala ile 10. Wazazi wakashtaki, na hawakwenda shirikisho, walikwenda mahakama ya jimbo, jaji akasimamisha, na Desemba Gavana Stein akarudisha viwango. Wazazi ndio walioanza kutikisa, bila kusubiri chama cha wenye kliniki.

Kazi yako wewe ni kuweka kumbukumbu. Nani aliomba huduma tarehe gani, akaambiwa asubiri mpaka lini, nani kaishia chumba cha dharura wakati yuko kwenye foleni yako. Andika kila wiki. Mawakili wa watu wenye ulemavu wapo kila jimbo na hawatozi wagonjwa, ila wakija wakakukuta huna tarehe hata moja hawana cha kufanya nacho.

Je naweza kumwambia mteja aongezee kidogo juu ya malipo ya Medicaid?

Hapana. Ukipokea ya Medicaid umepokea yote, ukiacha kile kidogo ambacho jimbo lenyewe limeruhusu mgonjwa achangie. Na acheni kuniuliza hili, kuna watu wamepoteza mikataba kwa ajili ya dola 20.

Shikamoo kaka. Mimi niko Minnesota, huduma zetu ni za kuwarudisha watu wazima kwenye maisha baada ya ugonjwa wa akili. Malipo yanachelewa wiki nyingi wanasema wanakagua. Hii nayo ni kesi ya viwango?

Marahaba dada. Hapana, na hapa wengi mnachanganya, kiwango ni jimbo kusema saa moja nalipa kiasi fulani, na kuzuiwa ni jimbo kusema sina hakika kama hiyo saa ilikuwepo. Sheria tofauti, ushahidi tofauti, na siku za kukata rufaa tofauti pia.

Oktoba 2025 Gavana Walz aliagiza huduma 14 zipitiwe na kampuni ya nje, Optum, kabla ya kulipwa, na malipo yanaweza kukaa mpaka siku 90. Huduma yako imo kwenye hizo 14, na timu za matibabu za kuzunguka zimo pia. Wizi ulikuwepo, tusifichane, ule mpango wa kusaidia watu kupata makazi umefungwa kabisa kwa sababu hiyo, na wapo watu wetu wa Afrika Mashariki waliokuwa wanafungua kampuni leo na kesho wanadai mamilioni, tukawaona na tukanyamaza. Lakini kliniki safi yenye wafanyakazi saba haiwezi kukaa siku 90 bila pesa, na wanaoandika maagizo haya wanajua hivyo.

Kuhusu hatari ya kuzuia malipo kabla ya kuthibitisha, someni New Mexico. Juni 2013 jimbo lilisimamisha malipo ya mashirika 15 ya afya ya akili kwa mpigo, kwa tuhuma za udanganyifu, likaleta kampuni tano kutoka Arizona zichukue nafasi. Mwanasheria mkuu wa jimbo alikuja kuwasafisha wote 15, lakini hiyo ilikuwa 2016, na mengi yalikuwa yameshafunga milango. Wagonjwa waliokuwa na mshauri mmoja kwa miaka mingi walipewa mgeni, wengine wakaacha kwenda. Hakuna hukumu inayorudisha hicho.

Sasa la kwako. Fungua faili moja leo, lolote, usome noti za mwezi mzima. Kama kila siku imeandikwa "mteja yuko vizuri, tuliongea malengo yake", maneno yale yale yamekopiwa mara kumi na mbili, basi mkaguzi hatakulipa, na mimi ningekuwa mkaguzi nisingekulipa. Noti inataka saa ya kuanza na ya kumaliza, lengo gani kwenye mpango wa matibabu, ulifanya nini hasa (mlipanda basi pamoja kwenda duka la dawa, akasimama dirishani akaomba dawa mwenyewe), yeye alisema nini, na sahihi ya mwenye sifa ya kutoa hiyo huduma. Sifa, nasisitiza! Kesi ya Escobar ya 2016 ilianzia kliniki ya afya ya akili Massachusetts iliyodaiwa kuipelekea Medicaid bili za wafanyakazi wasio na leseni wala usimamizi, na binti mdogo alifariki. Sheria ya madai ya uongo inaweza kukutoza mara tatu ya hasara, halafu faini kwa kila bili.

Nasikia kuna sheria ya usawa wa afya ya akili na magonjwa mengine, si inatulinda?

Kidogo. Hiyo ya 2008 inazihusu kampuni za bima zinazosimamia Medicaid, ila pale jimbo linapolipa lenyewe moja kwa moja mara nyingi haifiki. Na inamlinda mgonjwa asiwekewe vikwazo vikali kuliko vya mwenye ugonjwa wa mwili, haikuandikwa ili kupandisha bili yako.

Kwetu aliyekata ni kampuni ya bima, jimbo halijasema kitu. Tuanzie wapi?

Anzia kwenye mkataba uliosaini bila kusoma. Wengi wenu nawajua. Mikataba mingi ya hizi kampuni ina kipengele kwamba wakikutumia mabadiliko ya viwango na ukakaa kimya siku kadhaa umekubali, na barua huwa inakuja kwa imeili ya yule karani aliyeacha kazi. Jibu kwa maandishi, ndani ya muda, sema hukubali na kwa nini. Halafu tazama kama ugomvi unakwenda mahakamani au kwa msuluhishi. Yale ya 30(A) hapa hayasaidii hata kwa kuota.

Niko Tacoma, Washington. Hii mikutano ya kutoa maoni kabla ya viwango kubadilika ina maana gani wakati wameshaamua? Mimi siendi tena.

Hapa ndipo ninapogombana na watu kila siku. Mnasubiri cheki ije pungufu ndio mtafute loya, wakati vita ilishapiganwa miezi mitatu nyuma kwenye chumba kitupu.

Jimbo likitaka kubadilisha njia ya kulipa kwa jambo kubwa, kanuni za shirikisho zinalitaka litoe notisi kwa umma kabla, na sheria za majimbo mengi zinataka lipokee maoni na kuyajibu. Watoa huduma wanaposhinda mahakama za majimbo siku hizi, mara nyingi ni kwa hili: jimbo liliruka hatua, au lililetewa hesabu likazipuuza bila kueleza. Kama hesabu haikuletwa, jaji atasema limepuuza nini?

Kwa hiyo peleka hesabu, acha hotuba. Nimeona maoni ya kurasa nne yamejaa "tunafanya kazi ya Mungu", hata namba moja hamna. Tuseme mfanyakazi wako analipwa saa 8. Saa moja na nusu yuko barabarani. Mgonjwa mmoja hakufungua mlango, hiyo ni saa. Saa nyingine anaandika noti, nusu saa anasimamiwa na mwenye leseni. Zinazolipwa zimebaki 4, na hizo 4 ndizo zinatakiwa zibebe mshahara wa 8, kodi ya ofisi, bima, gari na kompyuta. Weka hiyo kwa miezi 6 ya karibuni kwa kila aina ya huduma, upeleke ipigwe muhuri, ubaki na nakala.

Tena mna silaha mpya hamuigusi. Kanuni ya shirikisho ya 2024 inataka majimbo yaweke hadharani viwango vyao kufikia tarehe 1 Julai 2026, na huduma za afya ya akili za nje ya wodi zilinganishwe na malipo ya Medicare, bima ya serikali ambayo hasa ni ya wazee. Jimbo likitaka kukata wakati viwango vyake vitabaki chini ya asilimia 80 ya Medicare, au likikata zaidi ya asilimia 4 kwa mwaka, linatakiwa lipeleke maelezo mengi zaidi kuonyesha wagonjwa hawatakosa huduma. Maelezo hayo yaombeni, myasome, myapinge kwa majina ya wilaya zenu, semeni daktari wa akili wa karibu yuko maili ngapi na anapokea wapya au hapokei.

Na msilale, sheria kubwa iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inapunguza njia ambazo majimbo hutafutia sehemu yao ya pesa za Medicaid, kodi za hospitali hasa, kuanzia 2028 kidogo kidogo. Bajeti ikibana, huduma ya mgonjwa wa akili asiye na mtu wa kumsemea bungeni itaguswa mapema.

Tukishinda, tunalipwa na ile miezi ya nyuma?

Mahakama ya shirikisho, hapana, tangu Edelman ya 1974 haiwezi kuliamuru jimbo lilipe ya nyuma kutoka hazina yake, inaamuru ya mbele tu. Mahakama ya jimbo inategemea sheria za kwenu. Ila wakati mnagombana endeleeni kupeleka bili zote hata kwa kiwango msichokikubali, kwa sababu mwisho wa kupeleka ni miezi 12 tangu siku ya huduma, majimbo mengine na kampuni za bima wanakupa mfupi zaidi, na bili iliyopitwa na muda hata mkishinda hailipwi.