Maswali ya Wasomaji: Kauli ya Muvi Inavyoingia Mtaani

SWALI: Wahariri, salaam. Naandika skripti ya muvi ya dakika 90. Nataka steringi awe na kauli moja ambayo watu wataibeba hadi kwenye daladala. Nimeandika: "Yule Shabani aliyedhulumu shamba la mzee wangu kule Kisarawe, atanitambua!" Wenzangu wanasema haishiki. Kwa nini?
*Mwandishi chipukizi, Sinza*

JIBU: Wenzako wana haki, ila wangekuachia neno moja, "atanitambua". Kauli hushika pale mtu anapoweza kuing'oa kwenye muvi na kuipachika kwenye shida yake. Yako umeifunga kamba nne: Shabani, shamba, mzee, Kisarawe. Konda anayegombania chenji ya shilingi mia mbili ataifanyia nini?

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walilinganisha kauli zinazokumbukwa na nyingine za muvi zilezile. Waliona kwamba zinazokumbukwa zina maneno yasiyotarajiwa ndani ya sentensi ya muundo wa kawaida kabisa, na hazielemei sana wakati uliopita wala "yeye" na "wao".

Kiswahili nacho kina mlango wake. Sikiliza "imeisha hiyo". Ile *i-* haikitaji kitu kwa jina: weka kesi, mechi, biashara, hata ndoa. Ukisema "limeisha hilo", tayari umemletea msikilizaji jambo fulani kichwani, na kauli imesinyaa.

Basi anza kwa kumtoa Shabani na kumweka "wewe": "Utanitambua." Fupi, lakini kila mtu anaisema tangu zamani, haina alama ya muvi yako. Ongeza neno moja la kushtua, kwa mfano "Utanitambua kwa risiti." Mwenye duka anaweza kuitumia, mwenye nyumba pia, na mpenzi aliyeachwa ndiyo kabisa. Usizidishe maneno matano.

Kisha ipange mara tatu. Mara ya kwanza isemwe kwa uzito, ndani ya dakika 15 za mwanzo. Ya pili iangukie kwenye kichekesho. Ya tatu itamkwe na adui, imgeukie steringi mwenyewe. Ukifika mara nane umeshatengeneza tangazo la sabuni.

Kinachoua kauli nyingi nzuri ni sauti. Mhariri wa picha anapandisha kinanda cha huzuni palepale mwigizaji anapofungua mdomo. Nyamazisha muziki sekunde mbili kabla na mbili baada, na sentensi inayofuata isiwe na habari muhimu, maana watu watakuwa wanacheka. Kumbuka kibanda umiza, kile kibanda cha mtaani cha kuonyeshea muvi: feni inanguruma, spika imepasuka, watoto wanapiga kelele. Kisichosikika hakirudiwi.

Kabla ya kurekodi, mtumie rafiki asiyejua hadithi kauli hiyo kwa ujumbe wa sauti. Akiuliza "nani huyo?", rudi mezani.

SWALI: Kijiweni tumebishana. Binamu yangu anadai Darth Vader hajawahi kusema "Luke, mimi ni baba yako". Nani mkweli?
*Msomaji, Mbagala*

JIBU: Binamu. Katika The Empire Strikes Back, muvi ya Star Wars ya 1980, Vader anamwambia Luke "Hapana, mimi ni baba yako." Hiyo "hapana" inamjibu Luke, na nje ya muvi haina wa kumjibu, kwa hiyo watu wameitupa na kubandika jina ili msikilizaji ajue kinachonukuliwa. (Tulimwambia mwandishi wa Sinza atoe majina. Hili ni tofauti, limewekwa na watazamaji baada ya muvi kuwa maarufu.)

Wakati wa kitenzi nao hubadilishwa. Mwaka 1970 wanaanga wa chombo cha Marekani, Apollo 13, waliripoti kwa waongozaji wao Houston kwamba wamepata tatizo. Muvi ya 1995 kuhusu safari hiyo ikaifanya "tuna tatizo", na ndiyo inayosemwa. Kinyume chake ni Sholay, muvi ya Kihindi ya 1975. Mazungumzo yake yaliuzwa kwenye santuri, watu wakayasikiliza nyumbani mpaka wakayashika neno kwa neno.

Hapa Dar kuna la ziada. Kama muvi umeiona ikiwa imetiwa maneno ya Kiswahili na watafsiri kina Lufufu, kauli unayoishika huenda ni ya mtafsiri, na mwigizaji hajaisema kabisa. Mkibishana, ulizaneni kwanza mliona nakala ipi.

SWALI: Nataka kuchapa fulana zenye "Steringi hafi" niuze Kariakoo. Nitashtakiwa?
*Mfanyabiashara, Ilala*

JIBU: Hiyo ni kauli ya watazamaji wenyewe, na maneno mawili kwa kawaida hayalindwi na hakimiliki. Picha ya mwigizaji au ya bango la muvi ni kesi nyingine, inahitaji ruhusa ya mwenye haki. Maelezo utayapata COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Pia nenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, uangalie kama kuna aliyesajili maneno hayo kuwa alama ya biashara. Omba watafute kwenye daraja la 25, ambalo ni la nguo, viatu na kofia.