Msilipe boti ya Songo Mnara kabla hamjajua maji

Usitume malipo ya awali ya hiyo boti, ndugu mleta mada, walau mpaka umalize kusoma jibu hili. Umeandika kwamba kikundi chenu cha kujitolea cha hapa Mtwara, watu ishirini, kinakwenda Kilwa kupiga picha za magofu ya Songo Mnara na Kilwa Kisiwani, kwamba mmechagua Jumamosi ya mwezi mpevu ili usiku mpate mbalamwezi, kwamba mtaondoka gatini Kilwa Masoko, mji ulio upande wa bara, saa mbili na nusu asubuhi mkianza na Songo Mnara, na kwamba aliyewapangia boti amewahakikishia kuwa bahari haina tatizo wakati wowote. Ukauliza pia kuhusu aina ya kamera, fulana za kikundi, chakula na namna ya kugawana kazi. Ratiba hiyo ni ileile, karibu saa kwa saa, tuliyopewa sisi kikundi chetu kilipokwenda huko, na imeniuma kuona bado inauzwa kwa watu wanaotoa muda na fedha zao kwa nia njema.

Mwezi mpevu ni bamvua, yaani wakati maji ya bahari yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na alasiri, na hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na usiku, na kati ya kujaa na kupwa huko kuna tofauti ya mita 3 hivi. Mkiondoka Masoko saa mbili na nusu, mtakaribia Songo Mnara maji yakiwa yanamalizikia kupwa, na Songo Mnara si mahali penye gati. Upande wa kushukia magofuni ni mikoko na tope, na boti iliyobeba watu ishirini haiwezi kufika karibu pasipo maji.

Sisi tulifika hapo wakati huohuo. Nahodha alizima mashine akiwa bado mbali na mikoko, akashika pondo na kusukuma mpaka pondo likaanza kunasa kwenye tope, kisha akatuambia tushuke au tukae humo mpaka maji yarudi. Tulishuka. Tope lilitufika magotini, na chini yake ilikuwamo mizizi ya mikoko inayochomoza kama misumari, hivyo aliyevua viatu aliumia na aliyevaa aliviacha humo. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshika mfuko wa kamera kichwani kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili ameshika bega la aliyemtangulia. Alipokanyaga shimo la kaa, wote wawili walikwenda chini pamoja na mfuko. Kamera ile, pamoja na lenzi iliyoazimwa kwa mtu, haikuwaka tena, kwa kuwa maji ya chumvi yakiingia ndani ya kifaa chenye betri hayasubiri ukaushe.

Hasara hiyo ingeweza kuvumilika kama kazi ingefanyika, lakini haikufanyika. Tulipokusanyika magofuni tukiwa tumechoka na kulowa, jua lilikuwa limekwisha kupanda utosini. Ukuta wa mawe ya matumbawe unahitaji mwanga wa ubavuni ili mikato ya mafundi, matundu ya boriti na mipasuko vionekane. Jua la saa sita huufanya uonekane bapa na mweupe, na picha ya mlango inatoka na kivuli cheusi katikati. Kumbukeni kwamba Songo Mnara ni mji mzima ndani ya ukuta wake, wenye kasri, misikiti mitano na nyumba zaidi ya thelathini, si jengo moja la kupiga na kuondoka. Wakati huo boti imekaa juu ya tope na haikuelea mpaka saa saba ilipopita. Tulipofika Kisiwani, maji yalikuwa yanajaa, kwa hiyo misingi ya upande wa bahari, ambayo ndiyo tuliyoifuata hasa, ilikuwa imefunikwa. Gereza, yaani ngome ya zamani, tulilipiga kwa haraka, Msikiti Mkuu kwa haraka zaidi, na kwenye kasri la Husuni Kubwa, ambako ni mwendo wa miguu kutoka Gereza, hakuna aliyefika. Juu ya hayo tukatozwa nyongeza kwa kuchelewesha boti.

Simlaumu nahodha hata kidogo. Nahodha alijua kila kitu, na asubuhi ile gatini alitusihi tuanze na Kisiwani, lakini sisi tulikuwa tumeshikilia karatasi ya mpangaji. Ninayemlaumu ni huyo mpangaji, aliyekaa mjini na simu yake, akachukua sehemu yake ya fedha kabla ya wote, hakumwambia nahodha tunakwenda kufanya nini, na tulipomuuliza habari za bahari akatujibu kwamba ameangalia utabiri na hakuna mvua wala upepo. Hali ya hewa na maji ni vitu viwili. Siku ile kulikuwa shwari na anga ilikuwa safi, na bado boti ililala topeni. Mtu anayepokea fedha za watu kuwavusha bahari na hajui bamvua inaangukia lini anapaswa kuacha kazi hiyo, na ukisikia maneno ya “wakati wowote” kwa yeyote anayekuuzia safari ya Songo Mnara, tafuta mwingine siku hiyohiyo.

Kwa hiyo pangeni maji kwanza, kisha tarehe, kisha boti. Saa za kujaa na kupwa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, na baada ya wiki moja hali inakuwa imegeuka: mwezi unapokuwa nusu ni maji mafu, maji hujaa kiasi cha saa nne asubuhi na hupwa kiasi cha saa kumi alasiri, tena hayapwi mbali. Maana yake ni kwamba Jumamosi inayofuata hiyo mliyoichagua inawafaa kwa kila hali. Mtaingia Songo Mnara maji yakijaa na jua likiwa bado la ubavuni, mtatoka kabla hayajapungua, na mtafika Kisiwani yakiwa yanapwa, kwa hiyo mtaweza kutembea ufukweni chini ya Gereza na kupiga misingi yake kwa mwanga wa alasiri. Kuna jedwali za maji, na wavuvi wa Masoko huhesabu kwa tarehe za mwezi wa kuandama. Ulizeni kote kuwili mpaka majibu yalingane.

Nasisitiza upande huo wa bahari kwa sababu ndio wenye haja kubwa ya picha. Magofu haya yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 mpaka 2014 yalikuwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, huku mmomonyoko wa mawimbi ukiwa mojawapo ya sababu. Mtu akitaka kujua ukuta umepoteza nini, anahitaji picha ya ukuta uleule, kutoka pembe ileile, yenye tarehe. Picha nzuri za kuba za Msikiti Mkuu zipo nyingi. Picha za mawe ya chini yanayolambwa na maji ni chache, na hizo hupatikana maji yakipwa tu.

Kuhusu kugawana kazi, wapeni watu majengo, msiwape visiwa. Wawili wawili, mmoja apige na mwingine aandike jina la jengo, upande unaotazama na saa, kwa maana kuta za matumbawe zikishafika nyumbani zinafanana zote. Kibali cha kuingia magofuni kikateni Masoko kabla ya kuvuka, na kama kuna mwenye droni, kibali chake ni kingine kabisa na kinaanzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, si kwa mlinzi wa magofu. Kamera yoyote mliyo nayo inatosha, ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Kama mabango yenye tarehe yameshachapishwa na hayawezi kubadilishwa, basi Jumamosi hiyo ya mwezi mpevu iondoeni Songo Mnara na mbaki Kisiwani. Vukeni mapema, kwa kuwa kutoka Masoko ni karibu, mkubali kutembea kidogo majini wakati wa kushuka, na kufikia saa nne asubuhi muwe tayari chini ya Gereza, maana bamvua itakuwa imewafungulia ufuko wote. Ya Songo Mnara mlipane na nahodha mwenyewe kwa Jumamosi inayofuata, na kabla ya kumpa shilingi mwulizeni siku hiyo maji yatajaa saa ngapi. Anayefanya kazi pale atakujibu papo hapo.